Naomba ushauri: kaka yuko ICU baada ya kuacha pombe ghafla

Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu amekunywa gongo miaka mingi, akaamua kuacha moja kwa moja bila kupunguza. Kesho yake degedege. Siku ya tatu jasho, homa, kutetemeka, na anaokota wadudu kwenye shuka wakati hakuna kitu. Sasa yuko ICU hapa Dar.

Daktari anasema ubongo uliozoea pombe umekosa breki. Wanampa diazepamu (dawa ya kutuliza, huleta usingizi) ya mshipani, tena nyingi, na vitamini B1. Naelewa, ila kumwona kafungwa mikono, analala hadi hajibu salamu, kunaniumiza sana. Na wajomba wanasema karogwa, wanataka atolewe apelekwe kwa mganga Bagamoyo. Nimekataa katakata, maana hali hii huua.

Waliouguza mgonjwa kama huyu, au wauguzi mliomo humu: usingizi huo huchukua muda gani kuisha? Niwaulize madaktari nini kuhusu upumuaji wake? Akitoka tuanzie wapi? Kliniki ya methadoni Muhimbili najua ni ya waraibu wa heroini. Kwa pombe je?