Mtoto wa siku mbili, hana homa, lakini kila siku anatobolewa damu. Ni sawa?

Mzazi_mpya: Wakuu, habari zenu. Nimejifungua jana alfajiri. Chupa ya uzazi ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya mtoto kuzaliwa, basi wakamlaza wodi ya wachanga. Anachomwa dawa za kuua bakteria, ampisilini na jentamaisini. Jana walimtoa damu, leo tena. Nikiuliza naambiwa "tunamfuatilia." Joto lake 36.8, ananyonya. Wanafuatilia nini? Dada yangu anasema nisaini niondoke naye.

Nesi_mstaafu: Hongera mama, na usisaini. Wanafuatilia kama ana maambukizi ya bakteria kwenye damu. Kukosa homa kusikutulize: mchanga mwenye bakteria kwenye damu anaweza kupoa badala ya kuchemka. Chini ya 35.5 inatisha sawasawa na homa. Damu ya jana naamini ilikuwa ya kuotesha, yaani inawekwa kwenye chupa maalumu ionekane kama kuna kijidudu kitaota. Ya leo itakuwa CRP, protini inayotoka kwenye ini mwili ukipambana. Hiyo huchelewa kupanda, ikipimwa mapema mno inadanganya. Ndiyo maana wanarudia.

Bishoo: Dawa, dawa, dawa! Mtoto mzima anachomwa sindano za nini?

Nesi_mstaafu: @Bishoo hapo una nusu ya ukweli. Dawa zinaanzishwa kabla ya majibu kwa sababu ugonjwa huu humgeuka mtoto ndani ya saa chache. Ila zisiendelee kwa mazoea. Kama saa 36 hadi 48 zimepita, hakuna kilichoota na mtoto yuko vizuri, kwa kawaida zinasimamishwa. Mama, muulize daktari hivi: "Majibu ya kuotesha yanasomwa lini, na yakiwa safi mnaacha dawa?"

Baba_G: Wa kwetu alizaliwa njiti, wiki ya kwanza safi kabisa. Siku ya tisa bibi yake akasema, "Huyu leo kanyong'onyea." Mashine zilikuwa hazijapiga kelele hata moja. Alikuwa ameacha kunyonya, mikono baridi. Kumbe kapata maambukizi ya humo humo wodini. Alipona, lakini tangu siku hiyo kila aliyetaka kumshika nilimpeleka kwenye sinki kwanza. Na simu zenu mnazishika mkishanawa!

Nesi_mstaafu: Bibi yule angeajiriwa. Mama, hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Zikibaki hapo, au kifua kinabonyea ndani, au amegoma kunyonya, au hajongei mpaka umguse, ita nesi hapo hapo. Usingoje raundi.

Mzazi_mpya: Asanteni sana. Nimehesabu, 44. Daktari kasema majibu ya kuotesha yanasomwa kesho, yakiwa safi anasimamisha sindano. Dada kanuna. Ile karatasi nimeirudisha bila kusaini.