Nota za muziki zimejaa nyumbani, nizipangeje?

Wakuu, nina nota kama 2,000: vitabu vya piano, nakala za kwaya, na karatasi zisizojalidiwa. Kupanga kwa jina la mtunzi kumegoma, kitabu kimoja kina watunzi kumi. Nifanyeje?

Jibu 1
Tenga kwanza kwa ala (piano, ogani, kwaya), ndipo mtunzi. Kila kitabu kipe namba ya kudumu, iandike kwa penseli kona ya juu. Kisha fungua jedwali kwenye kompyuta: namba, wimbo, mtunzi, ala, idadi ya nakala. Kitabu cha watunzi kumi kinapata mistari kumi, namba ileile. Basi rafuni hakihami tena.

Jibu 2
Naongezea: karatasi zisizojalidiwa zilaze kwenye maboksi yasiyo na asidi, zikisimama hujikunja. Selotepu hapana! Gundi yake hugeuka njano na kuharibu karatasi. Pini za chuma ng'oa, zinashika kutu. Na pima kabla ya kununua mafaili. Nota nyingi ni sm 23 × 30, zinazidi A4.

Jibu 3
Usiegemeze rafu kwenye ukuta wenye unyevu, ukungu utaanzia hapo. Acha upenyo wa sm 5 nyuma.

Muulizaji
Nakala 40 za wimbo mmoja wa kwaya je?

Jibu 1
Boksi moja, namba moja, mstari mmoja. Nakala zenyewe ziandike 1 hadi 40, ujue nani hajarudisha.