Shemeji yuko Dubai: aniletee mashine ya Blu-ray, ao nibaki na DVD yangu?

Papa_wa_Katuba

Jambo yenu wote.

Naomba mawazo kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa shemeji yangu, yule wa biashara ya nguo, anapanda ndege kurudi Lubumbashi. Ameniandikia kwamba ameona mashine ya Blu-ray, ile ya sahani zenye picha kali kuliko DVD, kwa dola 85, na muuzaji anamwongezea sahani nne za filamu kwa bei ndogo. Anangoja jibu.

Hapa nyumbani kuna tele bapa ya inchi 32 niliyoinunua 2014, na DVD ya Kichina ambayo trei yake haitoki mpaka uipige kofi ubavuni. Watoto wanalijua kofi lenyewe, mimi bado sijalipatia. Sahani ziko kama mia mbili katika katoni mbili: filamu za Nigeria zilizotiwa Kifaransa, muziki, mahubiri ya mama mkwe, zile za "filamu 12 ndani ya moja" za soko la Kenya, na za familia, yaani arusi yetu ya 2009, ubatizo wa watoto, matanga ya baba.

Siku hizi picha ina ukungu na nyingine zinakwama katikati. Shemeji anasema Blu-ray itazisafisha zote. Ni kweli? Mniambie bila kunionea haya, dola 85 ni minervali, ada ya shule, ya mtoto.

Lushi_tu

Chukua, mukubwa. Blu-ray inasoma na DVD zako zote. Hupotezi kitu.

Fundi_Kamalondo

Anapoteza dola 85.

Papa, huyo hapo juu amesema kweli nusu. Mashine ya Blu-ray inasoma DVD kwa sababu ina mwanga wa aina mbili: wa bluu-zambarau, nanomita 405, kwa sahani zake, na mwekundu wa nanomita 650 kwa DVD. Kusoma ni kitu kimoja, kusafisha ni kingine. DVD yako ina mistari 576 ya picha na haitaongezeka. Mashine nzuri itaitandaza vizuri ijaze kioo, lakini ni kama kuongeza maji kwenye sombe wageni wakizidi: sufuria inajaa, samaki ni yule yule.

Hizo za 12 ndani ya moja ndiyo usiseme. Sahani ya tabaka moja inabeba giga 4.7. Igawe kwa 12, kila filamu haifikishi hata mega 400. Ilikamuliwa kabla haijafika kwako, na hakuna mashine ya kuirudishia ilichonyang'anywa.

Sasa nijibu wewe. Kutoka DVD kwenda tele unatumia waya gani? Kama ni ule wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, sehemu ya ukungu iko hapo. Halafu zigeuze zile sahani za familia uangalie tumbo lake. Tumbo la rangi ya fedha tupu, hiyo ilipigwa chapa kiwandani. Likiwa na zambarau, ilichomwa kwenye kompyuta, na kinachoshika picha ndani yake ni rangi, kama wino. Jua na joto vinaila polepole hata kama sahani haina mkwaruzo hata mmoja.

Na kitu kingine, kwa kuwa mimi ndiye ninayeletewa maiti: umeme ukikatika si tatizo, tatizo ni ule unaorudi kwa kishindo. Yeyote anayenunua mashine mpya bila stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza umeme, ananinunulia mimi chakula.

Mwalimu_wa_Fizikia

Mnakaa umbali gani na hiyo tele?

Papa_wa_Katuba

Kama mita tatu. Watoto wanakaa chini, karibu zaidi. Waya ndiyo huo wa vichwa vitatu. Sahani nitaziangalia jioni, sasa niko kazini.

Mwalimu_wa_Fizikia

Basi piga hesabu nami. Jicho zima linatenganisha nukta mbili zikiwa na pembe ya kama dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Kwa mita tatu hiyo ni milimita 0.87. Tele ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Gawanya: nukta 810 na kidogo. Hizo ndizo jicho lako linaweza kuzihesabu kutoka kwenye kiti chako. DVD inakupa 720 kwa upana, Blu-ray inakupa 1920. Zaidi ya nusu ya ulicholipia hutakiona, labda uhamie chini pamoja na watoto.

Tena tele nyingi za inchi 32 za miaka ile zenyewe zina nukta 1366 kwa 768. Tafuta namba hiyo kwenye karatasi yake au nyuma.

Kakangu_wa_Liège

Wandugu, mnaizika Blu-ray ikiwa hai. Mimi niko Ubelgiji, nina tele ya inchi 55 na mashine ya Blu-ray tangu 2013, na siwezi kurudi nyuma. DVD inasukuma data isiyozidi megabiti 10 kwa sekunde. Blu-ray inafika 40 kwa picha peke yake. Ndiyo maana moshi, mvua na usiku havivunjiki vipande kama kwenye filamu za intaneti. Na sauti! Ukiwa na spika nzuri utasikia mtu akipumua. Sahani nanunua za mtumba.

Lakini Papa wa Katuba akiniuliza mimi kama ndugu: utaweka nini ndani yake? Filamu za Nigeria hutazipata kwa Blu-ray. Mahubiri ya mama mkwe pia.

Kasumbalesa_kila_wiki

Navuka kwenda Zambia na kurudi kila wiki, ninanunua vitu vya umeme. Sahani ya Blu-ray sijaiona mezani kwa mtu hata siku moja, si huko, si hapa mjini. Watu wanajaziwa filamu kwenye flashi wanaenda zao.

Ya zoni pia mwangalie, yaani sehemu ya dunia ambayo sahani imefungiwa. Kwa Blu-ray, Dubai, Ulaya na sisi tuko zoni moja, B, hakuna shida. Kwa DVD sisi ni zoni 5 na Dubai ni zoni 2. Za sokoni hazina zoni, zitacheza. Ile orijino uliyonunua kwa uaminifu wako ndiyo inaweza kukukatalia, ndivyo dunia ilivyo.

Muzee_Kampemba

Krismasi ya 2007 kaka yangu alitutumia kutoka Ulaya mashine ya HD DVD. Ile iliyokuwa ikishindana na Blu-ray. Tukaita majirani. Tarehe 19 Februari 2008 wenyewe walioitengeneza wakatangaza kuiacha. Miezi miwili! Leo inashikilia dirisha la jikoni lisigonge, kazi anayoifanya vizuri sana.

Blu-ray imeishi zaidi, sikatai. Ila Februari 2025 Sony wameacha kutengeneza sahani tupu za Blu-ray za kurekodi. Anayeingia leo ajue anaingia sherehe wakati viti vinapangwa juu ya meza.

Papa_wa_Katuba

Nimerudi. Nimezigeuza sahani zote za familia, ziko 28. Zote zina tumbo la zambarau. Ile ya arusi ina duara la rangi ya chai ukingoni, kama kikombe kilichoachwa usiku.

Nimeiweka. Inakwenda vizuri mpaka kwenye saa moja na kitu, pale mama yangu anapoingia ukumbini akicheza na wenzake wa kitenge kimoja. Anafika mbele ya meza yetu, anainua mkono wenye kitambaa, picha inavunjika miraba miraba, anabaki hivyo mkono juu. Halafu mashine inarudi mwanzo. Nimejaribu mara nne. Mama alitutoka 2017.

Mke wangu ananiambia, kumbe siku zote ulikuwa unataka hiyo, si Blu-ray.

Fundi_Kamalondo

Usiijaribu tena! Itoe, iweke kwenye mfuko wake, mahali pa giza.

Data ya sahani huanza kuandikwa ndani karibu na tundu na kwenda nje. Ndiyo maana mwanzo unacheza na mwisho unakwama, ukingo ndio umekufa. Ioshe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, ufute kwa kitambaa laini kutoka tundu kwenda ukingo, moja kwa moja, usizungushe. Kisha tunajaribu mashine tofauti, maana sahani moja ikikataliwa na lenzi hii inaweza kukubaliwa na ile. Nina tatu za kompyuta, moja ni kuukuu sana na ndiyo mwerevu kuliko zote. Pia nina programu inaitwa ddrescue: inachukua kwanza yote yanayosomeka, halafu inarudia yale yaliyoharibika kidogo kidogo usiku kucha.

Mwambie shemeji aache Blu-ray alete diski kuu ya nje. Sahani 28 mara giga 4.7 hazifiki giga 132, ya giga 500 inatosha na kubaki. Tunakopi folda nzima ya VIDEO_TS, ile inayobeba filamu ndani ya DVD, kama ilivyo, bila kuikamua. Nakala ya pili ikae kwa ndugu, nyumba nyingine. Na waya wa HDMI badala ya ule wa vichwa vitatu, dola chache.

Shangazi_Ruashi

Baba, kabla ya yote piga simu kwa dada zako. Arusi moja huwa na sahani tano sita, kila familia ilipewa yake. Na aliyepiga video, kanda zake alizitupa?

Papa_wa_Katuba

Shangazi, aksanti. Mpiga video alihamia Kolwezi, kanda alirekodia arusi za wengine juu yake. Lakini dada yangu wa Likasi anayo sahani yake, ilikaa ndani ya Biblia miaka yote.

Papa_wa_Katuba (siku tisa baadaye)

Taarifa. Fundi aliziunganisha mbili, yangu na ya Likasi. Mama anacheza mpaka anakaa. Zimepotea kama sekunde nne, pale anapofuta jasho. Jana usiku tumeitazama kwa waya mpya, na ukungu umepungua kweli. Watoto wawili wa mwisho hawakumjua bibi yao, waliomba irudishwe mara tatu.

Diski shemeji ameileta. Zile filamu nne za Blu-ray pia amezileta, alikuwa amekwisha kuzilipia. Mwenye mashine hapa Lushi aniambie.