Nimekabwa roba Nkuhungu. Nijifunze ngumi, karate au judo?

Dada wa Nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nauza duka la dawa pale Majengo, Dodoma, nafunga saa tatu usiku. Daladala inanishusha Nkuhungu, halafu natembea kama dakika kumi na mbili hadi ninapopanga. Kuna kipande kimejaa mapagala, nyumba hazijaisha, taa hakuna. Jumanne ya wiki iliyopita nilikabwa hapo. Hatua za mtu sikuzisikia kabisa. Mkono ulipita shingoni kutoka nyuma, nikavutwa mpaka visigino vikawa vinaburuza, na mwenzake akabeba mkoba na simu. Haikufika nusu dakika. Mimi nilichoweza ni kumkwaruza tu, kucha mbili zikakatika. Nilifungua mdomo nipige kelele, sauti haikutoka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko simu.

Kituoni nimesharipoti. Sasa nataka kujifunza kujilinda na nimeshaamua, kwa hiyo naomba msinishauri kuhama. Kaka yangu anasema niende ngumi, basi. Rafiki yangu wa chuo ana mkanda wa kahawia wa karate, yeye anasema karate ina kila kitu. Kwenye video za simuni kila mtu anasifu jujitsu ya Wabrazili. Nina miaka 27, kilo 54, na michezo yangu iliishia netiboli ya sekondari. Nina jioni mbili kwa wiki na Jumapili mchana.

Naomba aliyefanya zaidi ya mchezo mmoja anieleze tofauti zake. Mashabiki wa upande mmoja nimeshawasikia.

Kona ya Buluu

Pole sana dada. Mimi nimepigana ngumi za ridhaa miaka sita, nikitokea hapa Chang'ombe ya Dodoma.

Uzuri wa ngumi ni kwamba vitu vyake ni vichache na unavirudia mpaka viingie damuni. Miezi mitatu ya kuruka kamba, kudunda begi na kucheza na mwenzako ulingoni inatosha kukutoa kwenye tabia ya kufumba macho mkono unapokuja. Hicho ndicho kitu cha kwanza ngumi inakupa, macho. Cha pili ni miguu, kujua ukae umbali gani ili asikufikie. Mwangalie bondia wetu Mwakinyo alivyommaliza Sam Eggington kule Birmingham, Septemba 2018, raundi ya pili, tena nyumbani kwa Mwingereza. Watu wanakumbuka makonde, lakini mkono haufiki popote kama miguu haijakuweka mahali pake.

Nikuonye jambo moja. Ulingoni tunafunga bandeji na kuvaa glavu. Mtaani ngumi tupu ikikutana na paji la uso, unaovunjika ni mkono wako. Mwaka 2016 mfupa wangu wa kiganja, ule wa upande wa kidole kidogo, ulivunjika hivyo hivyo, na mpaka leo kifundo kile kimezama. Ukilazimika, piga kwa kiganja wazi, ile sehemu nene ya chini, lenga kidevu au pua.

Na kwa roba ya nyuma niseme ukweli, ngumi haina jibu. Sisi tukikumbatiana tu, refa anatutenganisha.

Mwalimu wa Kizota

Marahaba mwanangu, na pole. Nimesoma maelezo yako mara mbili.

Nianze na hiyo sauti. Haikutoka kwa sababu mfupa wa mkono wake ulikuwa umelala juu ya koromeo lako. Hewa haipiti, sauti haipatikani. Mimi nina kilo 81 na nimeanza mambo haya mwaka 1990, na mkono ukikaa pale vizuri sauti yangu pia haitoki. Kwa hiyo hilo liondoe moyoni, hukushindwa kitu.

Nilianza na karate, mtindo wa Goju-ryu, Dar es Salaam. Mwalimu wangu alitokana na darasa la Zanaki, lile lililoanzishwa miaka ya 1970 na Nantambu Bomani, Mmarekani mweusi aliyekuja kuishi nchini. Ngumi nilikutana nazo JKT. Judo, mieleka ya Kijapani, niliipata ukubwani, nilipokwenda kufundisha Zanzibar miaka minne. Kule mchezo huo umesimama kwa jasho la Mjapani mmoja, Tsuyoshi Shimaoka. Sasa nina vijana kumi na mmoja, wasichana wanne, tunafanya mazoezi kwenye korongo la mchanga nyuma ya mtaa wetu, maana magodoro ya judo hatuna.

Watu wanauliza mchezo upi ni mkali. Kwako wewe ningeuliza, ni mchezo upi ambao kila wiki mtu anakukaba shingo kwa nguvu zake kweli, nawe unatafuta njia ya kutoka? Katika niliyofanya, ni judo. Kukaba ni sehemu halali ya mchezo, ina kanuni zake, na anayekabwa akigonga mara mbili anaachiwa papo hapo. Shingo yako inauzoea ule mkandamizo. Mtu akikabwa kwa mara ya kwanza maishani gizani, akili yote inakimbilia kwenye hewa, na mikono inakwaruza kama ulivyofanya wewe. Aliyekabwa mara mia mbili mchangani, mikono yake inakwenda inakotakiwa kabla hajaiambia.

Inakwenda wapi? Mikono yote miwili inadaka mkono wake karibu na kifundo, vidole vyote vitano upande mmoja kama ndoano, kidole gumba kisitengane na wenzake. Unavuta kuelekea chini, kifuani kwako. Usivute kwenda mbele, kule ana nguvu kuliko wewe. Wakati huohuo kidevu kinashuka na kugeukia kwenye kiwiko chake, kwa sababu pale kwenye mkunjo ndipo pana nafasi ya kupumua. Halafu unakaa, kama unakalia kigoda. Kilo zako 54 zote zinaning'inia kwenye mkono mmoja wa mtu. Yeye alitaka kukuburuza ukiwa umepinda mgongo, sasa nyonga zako zimerudi chini yako, na hapo ndipo unapata nafasi ya kupiga hatua ya pembeni, kugeuka na kuchomoa kichwa. Vijana wangu wakubwa wanamtupa mtu begani kutoka hapo. Wewe usifikirie kutupa mwaka huu.

Uharaka wake ni huu: roba iliyokaa vizuri, ile inayobana mishipa ya pande mbili za shingo, inampotezea mtu fahamu kwa sekunde kama kumi. Ndiyo maana kidevu na mikono vinatangulia, mengine yanafuata. Ukianza kumkanyaga miguu na kumpiga viwiko kabla hujapata hewa, sekunde zimekwisha.

Jujitsu ya Wabrazili ni mtoto wa judo. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alifungua shule yake ya Kodokan Tokyo mwaka 1882, mwanafunzi wa hapo Mitsuyo Maeda akafika Brazil, akamfundisha Carlos Gracie, na familia ile ikaendeleza mapambano ya chini. Novemba 1993 pale Denver, kwenye UFC ya kwanza, shindano lililochanganya michezo yote ya mapigano, Royce Gracie alishinda mapambano matatu usiku mmoja dhidi ya watu waliomzidi mwili. Naiheshimu sana. Lakini wewe walikuwa wawili. Ukijifunga na mmoja chini kwenye changarawe, wa pili amesimama juu yako na miguu yake iko huru. Kwa watu wa mtaani kwetu nataka mtu aanguke bila kuumia na ainuke haraka.

Kuanguka nakuwekea uzito kuliko yote. Wiki mbili za kwanza kwangu hakuna kumgusa mtu, ni kuanguka tu: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono mzima unapiga chini kwa kofi ili mshindo usiishie kwenye kiwiko. Ardhi ya Dodoma haisamehi kisogo. Mwaka juzi mwanafunzi wangu alirushwa na bodaboda barabara ya Singida, akaanguka hivyo, akaamka na michubuko ya bega. Kupigana mtu huenda asipigane hata mara moja maishani, kuanguka ataanguka.

Karate siibezi, imenilea. Viwiko, magoti na viganja vya Goju-ryu ni silaha nzuri za karibu. Tatizo ni madarasa mengi kupiga hewa mwaka mzima. Na yale mateke ya kichwani yanahitaji sakafu. Mguu unaobaki chini lazima uzunguke, na kwenye mchanga hauzunguki, goti ndilo linalozunguka. Ukiwa na ndala ndiyo kabisa. Ngwala ya judo, ile ya kumfagia mguu kwa nje huku umemsukuma bega, inafanya kazi hata kwa viatu vya kazini.

Mkanda wa Kahawia

Mwalimu shikamoo. Mimi ndiye rafiki aliyetajwa, na naomba nipinge kidogo kwa heshima.

Hewa wanapiga wengi, ni kweli, ila si karate yote. Watu wa Kyokushin, karate ya Masutatsu Oyama, wanapigana bila glavu na makonde ya kifuani na mateke yanaingia kwa nguvu zote, kilichokatazwa hasa ni ngumi ya usoni. Mtu wa pale amezoea kuumia na kuendelea. Sisi wa Goju tuna Sanchin, zoezi la kusimama imara na kupumua, na tunapoifanya mwalimu anapita akitupiga makofi mabegani na mapajani kukagua kama mwili umeshikamana. Inafundisha kusimama. Aliyesimama vizuri haburuzwi kirahisi kwa visigino.

Nakubali kuhusu roba. Jana nilimwomba mwenzangu anikabe kweli, bila kunihurumia. Nilijaribu mbinu tuliyofundishwa, kiwiko cha tumbo, na hakuniachia. Nilipovuta mkono chini na kukaa kama ulivyosema, nilipata hewa.

Halafu kwa kuwa nasoma sheria: dada, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vinavyofuata, inakupa haki ya kujilinda na kulinda mali, ila nguvu utumie ya kiasi kinachohitajika. Akishaanguka na wewe uko huru, ondoka. Ukirudi kumpiga teke la kichwa, hapo kinga yako imekwisha.

Kona ya Buluu

Mwalimu umenifungua. Lakini afanye na jioni moja ya ngumi. Atakayemjia kwa mbele hatamkaba, atampiga kofi kwanza.

Mwalimu wa Kizota

Sahihi kabisa. Jioni moja ngumi, nyingine na Jumapili aje korongoni. Ningekuwa na binti wa umri wake ningempangia hivyohivyo.

Dada wa Nkuhungu

Wakuu nimerudi, ni wiki ya tano sasa. Ahsanteni wote.

Wiki mbili nilianguka tu kama alivyosema Mwalimu. Niliamka na mchanga masikioni na mkono mwekundu kwa makofi ya ardhi. Wiki ya tatu akanipa msichana wa kidato cha tatu, mwembamba kuliko mimi, anikabe. Mara ya kwanza niliganda. Nililia, na hawakunicheka, yule mtoto akakaa pembeni yangu mpaka nikasema tuendelee. Siku ile alinikaba mara kumi na sita. Mara ya tisa kidevu kilishuka chenyewe. Nilikuwa sijafikiria kitu.

Mwalimu ameniongezea jambo la sauti. Nikihisi tu kitu kinagusa bega, kabla mkono haujafunga, natoa sauti ya tumbo, neno moja, "Toka!" Sasa Jumapili tunapita korongoni mmoja mmoja huku mwingine anatujia kwa nyuma bila kusema lini. Jumapili hii nilitoa sauti mbuzi waliokuwa juu ya ukingo wakakimbia.

Njia nimebadili pia, napita upande wenye taa hata kama ni mbali. Na gloves za ngumi kaka yangu kaninunulia mwenyewe.

Mwalimu, nimepata koti la jinzi mtumbani Sabasaba, elfu nne, la kushikana badala ya lile vazi jeupe la judo. Kitambaa ni kizito ila mshono wa bega umeanza kuachia. Nije nalo hivyo hivyo?

Mwalimu wa Kizota

Hapana mwanangu. Lipeleke kwa fundi alishone mara mbili begani na chini ya kola, uzi wa turubai. Na vifungo vya chuma avitoe vyote, vinaumiza vidole vya mwenzako.