Dodoma itenge njia ya mabasi sasa, au isubiri jiji lijae kwanza?

Mleta mada

Wakuu, hoja yangu ni hii: Dodoma itenge njia ya mabasi peke yake kutoka mjini hadi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, sasa hivi. Mabasi yenyewe yanaweza kuja baadaye.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Halafu tukaweka stendi kuu ya Nanenane na Mji wa Serikali kwenye barabara ileile moja, ya kwenda Dar. Mtumishi anayekaa Nkuhungu anapanda daladala hadi mjini, anashuka, anaanza kugombea ya Mtumba. Gari likishajaa huko huko mjini, aliyesimama kituoni Nzuguni anapungiwa mkono tu. Mwenye mshahara wa kukopesheka anakopa gari, na magari hayo ndiyo yatakayoziba barabara.

Nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande. Tukiiacha ikaliwa na vibanda, nguzo na maegesho, kuirudisha kutaumiza watu. Waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara wanajua uchungu wake.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, unaifananisha Dodoma na Dar bila sababu. Huku mtu ana nyumba moja katikati ya kiwanja kikubwa, jirani yuko mbali. Basi kubwa litajazwa na nani saa nne asubuhi? Bajaji inamchukua mama na gunia lake hadi mlangoni kwake Swaswa. Basi lako litamshusha lami.

Na hiyo Dar yenyewe: wakala wa mabasi yaendayo kasi, DART, uliundwa 2007, abiria wa kwanza akapanda 2016. Karakana wakaijenga Jangwani, bondeni, mafuriko yakaingia mpaka kwenye mabasi. Fedha hizo afadhali zitengeneze barabara za mitaa.

Mchangiaji wa tatu

Mbona wote mnaongelea lami? Reli ya kati ya zamani inapita katikati ya mji na inafika Ihumwa. Mwaka 2012 Dar walianzisha treni ya abiria wa mjini, ile ya Mwakyembe, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Stesheni hadi Ubungo, kwa reli hiyo hiyo ya zamani. Hawakujenga mpya.

Mleta mada

Wa tatu, treni naiunga mkono, ila Ihumwa si Mtumba. Abiria bado atahitaji basi la kumalizia, na basi hilo litahitaji njia.

Wa pili, kuhusu viwanja vikubwa umesema kweli, na hapo ndipo penye kazi. Mpango mji wa 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Kanada, ulitaka vitongoji vinavyounganishwa na mabasi, watu watembee kwa miguu hadi kituoni. Sisi tumegawa viwanja kama vile kila mnunuzi ana gari. Basi turuhusu maghorofa ya makazi kando ya njia hiyo, na tuanze na Kosta zinazoondoka kwa ratiba, zijae zisijae, jiji likiwalipa wenye magari kwa safari badala ya kuwaacha wavizie abiria. Bajaji ibaki kazini kwake, kutoka kituoni hadi mlangoni. Mama wa Swaswa hapotezi kitu.

Mfano wako wa Jangwani mimi nauona unanisaidia. Karakana inajengwa bondeni pale ambapo ardhi nzuri imeshachukuliwa. Sisi bado tunayo Nzuguni na Ihumwa, leo.

Kinachonisumbua zaidi ni mwenye kazi hii. Barabara kuu iko kwa TANROADS, za mitaa ziko TARURA, leseni za daladala zinatoka LATRA, na viwanja vinagawiwa na Jiji. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna anayewajibika abiria wa Nzuguni akiachwa kituoni. Mimi nasema Jiji lipewe mamlaka juu ya njia na ratiba, wengine walifuate. Anayepinga aseme ofisi gani ipewe.