Ami alizamia majongoo kwa mitungi, sasa anasahau sana. Ni bahari au umri?

Mkojani
Assalaam alaykum wanajamvi. Ami yangu kazamia majongoo ya bahari kwa mitungi ya hewa tangu ujana wake, Pemba mpaka Msumbiji. Ya karibu yalipokwisha wakawa wanashuka pima ishirini na kupita. Mtungi ukiisha anavaa mwengine, hapumziki. Kuna mwaka alipanda juu, miguu ikafa ganzi. Akachuliwa mafuta, akasomewa, baada ya siku kadhaa akatembea. Leo hajafika 60, anakuuliza jambo moja mara tatu na chai yako haijapoa. Mkewe anasema ni shetani wa baharini. Jee, kuzamia kunaweza kula ubongo polepole?

Mzamishaji_Diani
Wa alaykum salaam, pole sana. Mimi nafundisha watalii kuzamia, lakini swali hili huniuliza wavuvi. Pima ishirini ni kama mita 36, na kila mita 10 zinaongeza presha sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Nitrojeni ya mtungini inajaa mwilini. Ukipanda haraka inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa. Ile miguu ya ami ndiyo hiyo, mapovu yamepiga uti wa mgongo. Shetani hahusiki.

Usichanganye na ule ulevi wa nitrojeni ukiwa chini, mtu anacheka peke yake na geji ya hewa haangalii. Huo ukipanda unaisha.

Kuhusu ubongo, mwaka 1997 Wajerumani waliwapiga MRI, ile picha ya ndani ya mwili, wazamiaji 87 wa kujifurahisha. Waliokutwa na madoa mengi kwenye ubongo walikuwa watatu tu, na wote watatu walikuwa na kitundu kikubwa moyoni ambacho hakikuziba walipozaliwa. Kitundu hicho, kikubwa au kidogo, karibu robo ya watu wazima wanacho bila kujua. Mapovu hupitia hapo badala ya kuchujwa na mapafu. Halafu 2004, watafiti wa Aberdeen, Uskochi, waliwalinganisha wazamiaji wa kazi na wafanyakazi wa mitambo ya mafuta baharini: waliolalamikia kusahau au kukosa umakini walikuwa asilimia 18 kwa wazamiaji, 6 kwa wenzao. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana. Lakini wengi huzamia miaka na akili zao timamu. Ninayemhofia ni yule aliyewahi kupigwa na mapovu akarudi kazini, kama ami yako.

Baharia_mstaafu
Wazamiaji wa mafuta wa Norway walikwenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wakashinda 2013. Kampuni zilificha majedwali ya kupandia, yale yanayoonyesha mzamiaji apande kwa muda gani, kama siri ya biashara, na serikali haikuhakikisha wanaelezwa hatari. Huku kwetu tajiri anapima kilo za majongoo basi, nani atamshitaki?

Nesi_Temeke
Mkojani, usiikabidhi bahari kila kitu. Mpeleke apimwe presha ya damu, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, maana baadhi ya hayo yanatibika na kumbukumbu ikarudi. Na daktari aambiwe habari ya mitungi na ile miguu, asipoambiwa hatauliza. Chemba ya presha, kile chumba cha kumrudishia mzamiaji presha ili mapovu yapungue, husaidia ukiwahi. Kwa jeraha la miaka mingi usiuze ng'ombe kuifuata.

Mkojani
Ahsanteni. Wiki hii nampeleka. Lakini mwanawe naye keshaanza kuzamia, na hasikii la mtu.

Mzamishaji_Diani
Basi mwambie haya tu: apande taratibu, asizidi mita 9 kwa dakika, na asimame mita 5 chini ya maji kwa dakika tatu kabla ya kutoka. Kati ya mtungi na mtungi akae juu saa kadhaa. Mwenzake akifa ganzi wasimrudishe chini ya maji "kuyazimisha" mapovu kama wanavyofanya. Wamlaze, wampe oksijeni safi kama ipo, wamkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Na ami mtungi asiuguse tena, hata mita tano.