Kama bakteria ndiye chanzo cha TB, mbona wengi wanaye na hawaumwi?

Mwaka wa Pili: Wakuu, nina mtihani wa epidemiolojia na kuna kitu kimenikwama. Mwaka 1882 Robert Koch alionyesha kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria. Sawa. Kisha tunaambiwa takribani robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria huyo, na ni asilimia 5 hadi 10 tu kati yao watakaougua maishani. Chanzo gani hicho? Na sigara je? Wapo wavutaji wanaozeeka salama, na wapo wasiovuta wanaopata saratani ya mapafu.

Zamu ya Usiku: Dogo, wodini hatutibu falsafa. Mgonjwa ana bakteria, anapewa dawa, anapona. Chanzo ni bakteria, kwisha.

Bibi Takwimu: Zamu ya Usiku, dawa sawa, ila swali hujaligusa. Wawili wanalala chumba kimoja, wote wameambukizwa, anaugua mmoja. Bakteria haelezi tofauti hiyo. VVU inaweza kuieleza, au utapiamlo, au kisukari.

Mwaka wa Pili, msome mtaalamu wa epidemiolojia Kenneth Rothman, makala yake ya 1976. Kwake, ugonjwa huzuka visababishi kadhaa vinapotimia pamoja. Kimoja kikikosekana, kundi hilo halizai kitu. Ugonjwa mmoja unaweza kuwa na makundi mengi. Bakteria wa TB yumo katika yote. Sigara imo katika makundi mengi ya saratani ya mapafu, si yote, kwa hiyo mzee wako aliyevuta akafika miaka 90 haiondolei hatia. Ndiyo maana Richard Doll na Austin Bradford Hill, katika utafiti wao wa 1950 kuhusu sigara na saratani ya mapafu, walilinganisha wagonjwa kwa mamia.

Kinachonikera ni watu wa asilimia: "ugonjwa huu ni asilimia 60 jeni, 40 mazingira." Chukua fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi. Mtoto amerithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, mwili wake unashindwa kuvunja fenilalanini iliyomo kwenye protini. Akila kama wenzake, ubongo unaharibika. Akiwekewa lishe maalumu tangu siku zake za mwanzo, anakua vizuri. Haya, nigawie asilimia hapo! Ondoa hitilafu ya jeni, madhara hakuna. Punguza fenilalanini mapema, madhara yanazuilika. Kila kimoja kinabeba lawama nzima.

Mwaka wa Pili: Shikamoo Bibi. Kwa hiyo nikijumlisha lawama zinapita asilimia 100?

Bibi Takwimu: Marahaba. Zinapita, na hesabu haina kosa, kwa sababu mgonjwa yuleyule angeweza kuokolewa kwa njia zaidi ya moja. Kwenye karatasi andika kwamba bakteria ni wa lazima ila hatoshi, kisha utaje vinavyomsaidia. Na Zamu ya Usiku awapime VVU wagonjwa wake wa TB.

Zamu ya Usiku: Tunawapima wote, Bibi. Kwani nani kasema hatupimi?